Mwenye Kilio

Sehemu ya Kumi na Moja

Msomaji, Jumamosi iliyopita tulimwacha Nabwire mlangoni, mkono kwenye kitasa, haingii wala harudi. Haya, tuanzie hapo hapo kabla hajameza mate.

Alikuwa ametumwa shali tu. Shali ya Bi Lavinia Garside, mwigizaji maarufu kutoka Uingereza, aliyeiacha kwenye trela yake iliyoegeshwa kando ya mafundi wa jua kali wa Kariobangi. Kazi ya dakika moja.

Asubuhi hiyo alikuwa amemwacha mama yake, Triza, kitandani kwao Lucky Summer, mguu umevimba, akiapa kwamba leo hata mlangoni hatafika. Sasa mama huyo huyo alikuwa ameketi kwenye kiti cha Bi Lavinia, mbele ya kioo chenye taa. Na Bi Lavinia mwenyewe alikuwa amepiga magoti sakafuni, amejifunga kichwani leso ya zambarau ya Triza, mikono yote miwili utosini kama mwanamke aliyefiwa.

"Funga mlango," Triza alisema. "Unaingiza vumbi."

Nabwire aliufunga. Akabaki ndani.

"Mguu umepona, Mama?"

"Hupona ukitembea."

"Kutoka Lucky Summer hadi Kariobangi? Huo si mguu, ni muujiza. Tumwite mchungaji aje ashuhudie."

"Usinichezee, Nabwire."

"Nani anamchezea nani hapa?"

Uongo wa mguu angeusamehe. Kilichomchoma ni ile leso.

Kuanzia Kariobangi hadi Baba Dogo, Wasamia wote walimjua Triza kwa leso hiyo. Maiti ikitaka kusafirishwa nyumbani Busia, wanawake walimwita yeye aongoze kilio. Angetokea mbali barabarani, mikono kichwani, akiita wazee wa ukoo mmoja mmoja mpaka afike kwenye jina la marehemu mwenyewe, na hapo hata dereva wa gari la maiti angegeuka ukutani ajifute macho. Lakini tangu apasuliwe koo mwaka jana, sauti yake ilikuwa ya kukwaruza, kama mlango wenye bawaba mbovu.

Kilio hicho alikirithi kwa mama yake. Kwa miaka kumi Nabwire, mwigizaji anayezunguka shuleni na michezo ya vitabu vya fasihi, alikuwa amemwomba amfundishe. Kwa miaka kumi jibu lilikuwa lile lile: "Bado. Hicho si cha kuchezea."

Na leo kilikuwa kikichezewa sakafuni na Mwingereza.

"Kumbe kwake yeye hakuna 'bado'," Nabwire alisema.

"Hata akipiga magoti mwaka mzima, hakimwingii," Triza akajibu. "Mwangalie. Kama mtu anayejitafuta chawa."

Bi Lavinia aliinuka taratibu, magoti yakimlia. Hakukasirika. Alikuwa na Kiswahili alichojifunza zamani, na tangu siku hiyo hakuwa amekiongeza wala kukipunguza.

"Mama hanifundishi," alisema. "Nimemwomba. Amekataa. Nilitaka kujaribu mara moja, mwisho."

"Jaribu, Madam. Nani atakuzuia? Kila kitu ni chako."

Hapo, msomaji, ni lazima nikueleze kitu kimoja. Nabwire aliyajua maisha ya mwanamke huyu kuliko alivyoijua Injili ya Luka. Binti wa mwoka mikate wa mji mdogo kaskazini mwa Uingereza. Chuo cha uigizaji akiwa na miaka kumi na tisa. Filamu ya Mathare mwaka wa 1994, akiwa na ishirini na saba. Na katika filamu hiyo, kile kilio chake juu ya kaburi kilichompatia tuzo. Tuzo ikamfungulia milango: malkia mara moja, hakimu mara mbili, mpelelezi, daktari wa vita. Waume wawili, wote waigizaji, wote wakaondoka. Kisha ikaja miaka ya kupewa mashangazi wanaokufa kabla hadithi haijaanza. Sasa, akiwa na hamsini na minane, alikuwa amerudi Nairobi kuigiza mwalimu mzee wa Kiingereza anayemzika binti aliyemlea Kariobangi. Filamu ya kumwinua upya, au ya kumzika.

Na kwa nini Nabwire aliyajua haya yote? Kwa sababu Triza alikuwa mfua nguo wa filamu ile ya kwanza, na tangu hapo picha ya Lavinia Garside ilitundikwa sebuleni kwao, kati ya kalenda ya kanisa na picha ya marehemu baba. Nabwire alikulia chini ya macho yale ya buluu. "Lavinia angeketi wima." "Lavinia angemaliza uji wake." Siku aliposhangiliwa na shule nzima ya wasichana mpaka pazia likafungwa mara mbili, alifika nyumbani mbio, na mama yake akamwambia, "Umejaribu, mwanangu," huku akiipangusa picha ile vumbi.

Hata kazi yake kwenye filamu hii mpya ilikuwa ya kivuli. Alisimama mahali ambapo Bi Lavinia angesimama, mafundi wakapanga taa usoni mwake, na taa zikikaa sawa akaambiwa, "Asante, toka." Sehemu aliyoitaka kwa moyo wote, ile ya jirani anayeongoza matanga, alipewa Jacklyne, mwenzake wa kikundi cha michezo.

Na kumtaja ni kumwita. Mlango uligongwa na kufunguliwa kwa wakati mmoja.

"Mti wa taa!" Jacklyne aliingiza kichwa, akimwita Nabwire kwa jina alilombandika kwa kazi yake ya kupangiwa taa. "Manze, unatafutwa huko nje kama... ai! Mama Nabwire! Shikamoo. Kumbe hata wewe umeitwa pamoja na wale wazee?"

"Marahaba. Wazee gani?"

"Wale wa filamu ya kwanza. Si Madam aliomba watafutwe wote waliokuwa kwenye umati wa ile ya zamani, wakae kwenye matanga ya leo? Mamangu ako pale kwenye benchi, namba saba kifuani, wigi mpya, anamaliza mandazi ya watu. Na unajua swali lake la kwanza lilikuwa gani? Si 'Jacklyne, umekula?' Aliniuliza, 'Nabwire yuko wapi, mbona simwoni?'" Akamgeukia Nabwire, na mzaha ukapungua machoni mwake. "Tangu tukiwa watoto ni Nabwire hivi, Nabwire vile. Nimechoka, walai. Akikutaka sana akuchukue, mimi nibaki na mistari yangu kumi na mmoja."

Triza alikuwa ameinuka. Alisogea dirishani, akainua pazia kwa kidole kimoja, akatazama kule kwenye mabenchi, akalishusha upesi.

"Nenda, Jacklyne. Mwambie mwelekezi wenu, Kahin, kwamba Nabwire anakuja."

Jacklyne akaenda, akiimba mistari yake njiani ili kila mtu asikie ni ya nani.

Bi Lavinia aliiteremsha leso mabegani. Alitazama mlango uliofungwa, kisha akamtazama Nabwire.

"Kile kilio cha filamu ya kwanza," alisema, "si changu."

"Kilio kipi?"

"Kilichonipa tuzo. Mimi nilifungua mdomo tu."

Triza alipiga ulimi kwenye meno. "Lavinia, acha."

"Nimeacha miaka thelathini na mmoja." Akaendelea, taratibu, akitafuta maneno. "Mbele ya kamera nilitoa sauti ya paka. Siku mbili. Mwelekezi alitaka kunifukuza. Siku ya tatu fundi wa sauti alimsikia mwanamke nyuma ya kamba za nguo. Wakampeleka chumbani, yeye na kipaza sauti tu. Kisha wakachukua sauti yake wakaiweka kwenye mdomo wangu. Jina lake halikuandikwa popote."

Nabwire alimgeukia mama yake. Triza alikuwa akikunja taulo ambalo tayari lilikuwa limekunjwa.

Furaha chafu ilimpanda Nabwire mpaka masikioni. Lile sanamu la sebuleni lilikuwa tupu! Malkia, hakimu, mpelelezi, wote walikuwa wamesimama juu ya koo la mfua nguo wa Mathare!

"Kwa hivyo wewe ni mwizi," alisema.

"Ndiyo," Bi Lavinia akakubali, na kukubali kwake kukaiharibu ile furaha. "Na mwizi huwa analipa. Kila mwelekezi aliniambia, Lavinia, lia kama ulivyolia Nairobi. Sikuweza. Walidhani ninaringa. Wakaniacha mmoja mmoja. Unajua ni nani nimemwonea wivu maisha yangu yote? Si waigizaji wenzangu. Ni huyu."

"Na mimi nilikuonea wewe wivu wa meno tu," Triza akasema. "Nilikuwa na pengo."

Wakacheka, wale wanawake wawili, kicheko kifupi cha watu wenye siri ya zamani. Nabwire hakucheka. Kicheko kile hakikuwa na mlango wa yeye kuingilia.

Bi Lavinia akamshika mkono. "Leo asubuhi nimemwambia Kahin ukweli. Sitafungua mdomo. Nitatembea kimya, na mbele yangu atangulie mtu mwenye kilio cha kweli. Mama yako hana sauti sasa. Nimemtajia Kahin jina lako. Jacklyne abaki na mistari yake. Kilio kiwe chako. Uso wako. Sauti yako. Jina lako liandikwe mwishoni."

Msomaji, hebu fikiria. Umesimama miezi miwili kwenye alama ya mtu mwingine, halafu mwenye alama anageuka na kukuambia, panda wewe.

"Nimekubali," Nabwire alisema.

"Hapana," Triza akasema.

"Mama?"

"Mtu yeyote. Si huyu. Hata Kahin anajua. Niliongea naye tangu mwanzo."

Nje, nyundo za mafundi wa masufuria zilikuwa zikigonga, ko, ko, ko.

"Uliongea naye lini?"

Triza hakugeuka. "Kabla hawajachagua watu. Nilimwomba asikupe matanga. Nilimwambia una kifua kibovu, hutaweza kulia."

Kwa miezi miwili Nabwire alikuwa amemchukia Jacklyne. Alikuwa amekataa kunywa chai ya birika moja naye. Alikuwa amesema kwa watu kwamba Jacklyne alimtembelea Kahin na kuku mkononi. Kumbe mkono uliomzibia njia ndio uliomsuka nywele Jumapili iliyopita!

"Unanionea wivu," alisema polepole. "Sauti yako imekwisha, na hutaki ya mtu mwingine isikike. Bora Mzungu ashindwe kuliko binti yako aweze."

Alijua amevuka mpaka. Midomo ya Triza ilicheza, lakini sauti ilipotoka ilikuwa imara.

"Sema utakavyo. Lakini sisi hatulii hewa, Nabwire. Kilio chetu lazima kiite jina, na jina la aliye hai halililiwi. Ni kumchimbia mtu kaburi. Hawa kwenye makaratasi yao wameandika marehemu anaitwa Adoyo. Adoyo gani? Kariobangi hii ina akina Adoyo wangapi wanaokaanga samaki saa hii?"

"Na wewe, mwaka ule, ulimlilia nani?"

Triza akalikunjua lile taulo, akaanza kulikunja upya.

Mezani, kati ya vikopo vya poda, palikuwa na simu ya Bi Lavinia. Ndani yake mlikuwa na ile sauti ya 1994 kama ilivyonaswa chumbani, bila muziki. Kwenye filamu yenyewe waliifunika kwa ngoma, hata watu waliosikia mlio hawakuwahi kusikia maneno. Bi Lavinia alikuwa akiisikiliza asubuhi yote, akijifunza asichoweza. Ilikuwa bado iko kwenye kioo cha simu, ikisubiri kidole tu.

Nabwire akaichukua.

"Basi nitajifundisha mwenyewe. Sihitaji ruhusa ya mtu."

"Weka chini," Triza alisema. "Nabwire. Nakuomba. Weka chini."

Akabonyeza.

Kwanza ikaja sauti ya mwanamume, akisoma kwa Kiingereza kama karani: sauti peke yake, tarehe kumi na nne Julai, 1994. Mtu akakohoa. Kisha akaja mama yake.

Lakini ilikuwa sauti gani! Nyororo, ya mwanamke kijana, ikitokea mbali kama mtu anayepanda mlima akiwa na mzigo. Ikamwita babu wa kwanza. Ikamwita wa pili. Ikataja kilima cha Funyula, ikataja boma, ikataja mlango. Nabwire alifumba macho. Hatimaye kilikuwa chake. Hatimaye alikuwa akirithi.

Kisha sauti ikafika kwenye jina.

"Nabwire! Nabwire, omwana wange!" Mwanangu. "Umeniachia maziwa kifuani, nani atayanyonya?"

Simu ilimponyoka ikaanguka juu ya shali.

Julai 1994. Cheti chake cha kuzaliwa kilisema Januari mwaka huo huo. Mwezi ule yeye alikuwa mtoto wa miezi sita, mzima, anabebwa mgongoni.

"Ulinililia nikiwa hai?"

"Sijawahi kumlilia aliye hai," Triza alisema.

Yalikuwa maneno mepesi tu, na ndiyo sababu yalichukua muda kuingia.

Triza aliketi. Ghafla mguu ulionekana kumuuma kweli.

"Nabwire wangu tulimzika Funyula mwezi wa Juni. Homa ya siku mbili. Nilirudi kazini upesi kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno. Wakaniambia, lia. Nikawaambia hatulii hewa. Wakasema, mlilie yeyote. Nikamlilia wangu."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuja na filamu."

"Sema vizuri, Mama."

"Kwenye matanga ya ile filamu walitaka wanawake wenye watoto migongoni. Siku ya mwisho kila mama alichukua wake akaenda. Mimi nikaenda kukusanya nguo nilizopiga pasi. Nikakukuta umelala juu yake, ndani ya kikapu. Nilingoja mpaka lori la mwisho likaondoka. Hakuja mtu." Akajigusa kifua, bila kujua anafanya hivyo. "Maziwa yalikuwa bado yapo."

"Aliyenizaa ni nani?"

"Simjui," Triza alijibu, akiangalia dirisha.

Bi Lavinia alikuwa akilia. Machozi ya kweli, bila kamera, bila sauti yoyote.

Na Nabwire? Ungedhani angempigia mtu kelele. Alisimama tu, akihesabu. Jina lilikuwa la yule. Siku ya kuzaliwa, ya yule. Cheti cha yule. Hata maziwa yalikuwa ya yule. Maisha yake yote alikuwa ameionea wivu picha ya Mzungu ukutani, na kumbe aliyemtangulia moyoni mwa mama yake hakuwa na picha hata moja. Mtoto wa miezi mitano, chini ya udongo wa Funyula. Utashindanaje na mtu ambaye hakuwahi kuvunja hata kikombe?

Mlango ukagongwa. Alikuwa Kahin, mwelekezi wa filamu, kijana wa Eastleigh aliyekuwa hajalala siku tatu.

"Madam, dakika tano! Mafundi wamekubali kunyamaza mara moja tu, wana oda ya masufuria ya harusi. Nani analia? Niambieni nani analia, hata kama ni mimi!"

Nabwire alinyoosha mkono, akaitoa leso ya zambarau mabegani mwa Bi Lavinia.

"Utamlilia nani?" Triza aliuliza kwa kunong'ona.

"Dada yangu." Sauti ilimkatika, akaiunganisha. "Hajawahi kuliliwa na mtu aliyejua anamlilia nani, isipokuwa wewe. Na hata kilio hicho mlikifunika kwa ngoma."

Triza aliinuka. Kisha akaichukua leso, akaikunja pembe kwa pembe, akamfunga binti yake kichwani, akaivuta mbele mpaka ikafika kwenye nyusi. Fundo nyuma. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Usilikimbilie jina," alisema. "Anza na babu. Inamisha kichwa. Jina liwe la mwisho."

Msomaji, miaka kumi ya "bado" iliishia hapo, kwa maneno machache kando ya vikopo vya poda.

Nabwire alitoka mbio kabla machozi hayajamharibu. Bi Lavinia akamfuata. Ni mlango ulipojifunga ndipo Triza alipokumbuka mabenchi, na akashika kifua.

"Nabwire, ngoja! Jina lile usi..."

Koo bovu halifiki mbali. Nyundo ziliimeza sauti yake.

Nje, Kahin aliinua mkono. Fundi mmoja akaacha kugonga, na wa pili, na wa tatu, mpaka Kariobangi ikanyamaza kama kanisa. Watoto walikaa juu ya ukuta. Wazee wa filamu ya kwanza walipangwa mabenchini chini ya hema, namba zikiwa kifuani. Jacklyne alisimama mlangoni mwa nyumba ya matanga, na alipomwona aliyefunikwa leso akinyata kwenda mwisho wa barabara, akasema kwa pembe ya mdomo, "Mti wa taa unatembea. Yesu yuko karibu."

"Anza!" Kahin akaamuru.

Nabwire aliinamisha kichwa, akaweka mikono utosini, akatembea.

Alimwita babu wa kwanza, na sauti ikatoka mahali ambapo hakujua ana mahali. Alimwita wa pili. Muuza mboga nyuma ya kamba akaweka chini fungu la sukuma wiki. Fundi mmoja akavua kofia. Jacklyne alifungua mdomo kusema mstari wake wa kwanza, na mstari ukamkataa. Bi Lavinia alitembea nyuma, kimya, uso umelowa, na kwa mara ya kwanza hakuazima kitu cha mtu.

Nabwire akataja Funyula. Akataja boma, akataja mlango. Kisha, bila kulikimbilia, akafika.

"Nabwire! Nabwire wa Triza! Mbona umelala, Nabwire?"

Yowe likapasuka kutoka mabenchini.

Halikuwa kwenye karatasi za Kahin. Namba saba alikuwa amesimama. Adongo, mama yake Jacklyne, aliyekuwa ameuliza tangu asubuhi Nabwire yuko wapi na hakuna aliyemwonyesha. Uso wa mwenye kilio hakuuona. Aliona leso ya Triza. Alisikia kilio cha Triza. Alisikia jina. Na Adongo alikuwa amezika watu pamoja na wanawake hawa miaka yote hiyo. Alijua kama wote wajuavyo: anayetajwa kwenye kilio kile amekwisha kufa.

"Amekufa lini?" alipiga kelele, akiikanyaga kamba, wigi mpya ikibaki vumbini. "Triza! Triza, nijibu! Uliniambia utamtunza! Mwanangu amekufa na hamkuniita?"

"Mama!" Jacklyne alimrukia. "Mama, ni filamu! Kaa chini, unaniaibisha!"

Adongo akamsukuma kama mtu anavyosukuma pazia. Alimfikia Nabwire katikati ya barabara, akamvuta leso, na ikateleza.

Wakatazamana.

Adongo alimgusa shavu la kulia, kisha la kushoto. Akashuka magotini, amemshika Nabwire mikono yote miwili, akicheka na kulia, akirudia neno moja tu, "Uko, uko, uko." Kahin alikuwa ameuma kola ya shati lake. Hakuna aliyesema kata.

"Mama," Jacklyne aliita. Sauti yake ya utani ilikuwa imepotea kabisa. Ilibaki ya mtoto aliyeachwa sokoni. "Mama, huyo si wako. Wako ni mimi."

Adongo hakugeuka.

Ngazi za trela zikalia. Triza alikuwa akishuka, hana leso, akitembea kwa miguu yote miwili mizima. Umati ukampisha. Alisimama hatua moja kutoka kwa yule aliyepiga magoti, na katika kimya kile cha nyundo hata koo lake bovu lilisikika mpaka ukutani walikokaa watoto.

"Adongo," alisema. "Si tuliapa? Umeshindwa kungoja nife kwanza?"